Likizo ya Kung'oa Mimea Vamizi Kisiwani: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ni yale yale kila msimu unapokaribia. Ni lazima niwe nimesomea mimea? Nitalipwa au nitalipa? Nije na panga langu? Mwili wangu utahimili? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayetaka kutumia wiki moja au mbili za likizo ukiwa umepiga magoti kwenye kisiwa kidogo, unang'oa miche.

Majibu ya haraka: si lazima uwe umesomea. Nauli kwa kawaida ni juu yako, na miradi mingi huomba mchango wa chakula na malazi. Panga liache nyumbani. Na mwili utahimili, ukiuandaa mapema.

Jambo moja lishike kabla ya mengine yote: kazi hii haipimwi kwa ukubwa wa rundo. Inapimwa kwa kile ambacho hakitaota tena. Aliyefyeka eneo kubwa akaacha mizizi ardhini amepogoa tu, na vichaka vitarudi na matawi mengi kuliko mwanzo. Mwenzake aliyepekua siku nzima akapata miche michache, akaitoa yote na mizizi yake kabla haijazaa, ndiye aliyeisogeza kazi mbele. Karibu kila kosa la mgeni linatokana na kutolielewa hilo.

Kwa nini visiwani, kwa ufupi

Mmea vamizi ni ule ulioletwa na binadamu, kwa kukusudia au bila kujua, kisha ukaenea wenyewe na kuisonga mimea ya asili. Kisiwani madhara yake huuma zaidi kwa sababu mimea na ndege wa hapo mara nyingi hawapatikani kwingine duniani, na hawana pa kuhamia. Mti wa kwinini ulipelekwa kisiwa cha Santa Cruz, katika visiwa vya Galápagos vya Ekwado, miaka ya 1940. Baadaye ukaja kuenea kwenye takriban hekta 11,000 za nyanda za juu, zikiwemo sehemu ambazo zamani hazikuwa na miti. Kule Midway, katikati ya Bahari ya Pasifiki, mmea wa maua ya njano uitwao verbesina ulisongamana kiasi cha kuwazibia albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, mahali pa kutagia.

Udogo wa kisiwa ni neema pia. Ukiutoa mmea wa mwisho na ukaimaliza akiba ya mbegu iliyo ardhini, hakuna shamba la jirani la kuurudisha. Anayeweza kuurudisha ni mgeni mwenye matope kwenye viatu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Zana za kazi kama misumeno ya kupogolea, mikasi mikubwa, sululu ndogo na magunia hutolewa na mradi, na ndivyo inavyofaa, maana zana zinazobaki kisiwani hazibebi mbegu kutoka kwingine. Wewe njoo na hivi:

- Buti imara zilizokwisha kuuzoea mguu wako. Buti mpya kabisa ni safi, ila zitakuchubua siku ya kwanza. Zivae nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari.
- Suruali ndefu na mashati ya mikono mirefu ya kitambaa kigumu kisichoshika mbegu. Sufu na velkro (vile vibandiko vya kunasa) ziache.
- Glavu jozi mbili: za ngozi kwa ajili ya miiba, na nyepesi zenye mpira viganjani kwa ajili ya miche midogo. Glavu nene hazikuruhusu kuhisi mzizi unapoachia, nawe unahitaji sana kuhisi hilo.
- Miwani ya kukinga macho. Tawi linaloachiwa na aliyekutangulia hurudi moja kwa moja usoni kwako.
- Kofia pana, krimu ya kukinga jua, na vyombo vya maji vya lita 3 kwa jumla.
- Kibanio cha kutolea miiba, na tochi ya kichwani.
- Daftari dogo na penseli. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu; kalamu ya wino hugoma.
- Dawa zako binafsi, za siku zako zote pamoja na wiki moja ya ziada. Boti huchelewa.

Mwili uandae hivi: kila siku, kwa mwezi mzima, chuchumaa kisha simama, taratibu, hadi magoti na mapaja yazoee. Watu hujiandaa kwa kutembea sana halafu wanashangaa kwamba kinachouma ni mgongo. Kutembea ni sehemu ndogo. Siku nyingi utakuwa umeinama.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mradi kwa kuuliza

Usichague kwa picha za ufukwe. Andika kwa waandaaji na uulize: mmea gani unaondolewa? Eneo hili litapekuliwa tena lini, na nani? Kibali cha kufanya kazi hapo kimetolewa na nani? Je, kuna dawa za kuua magugu, na nani anaruhusiwa kuzishika? Kituo cha afya kiko umbali gani, na mgonjwa husafirishwaje? Ada yangu inalipia nini?

Swali la pili ndilo linalobeba mengine yote. Mradi usioweza kukuambia nani atarudi pale ulipong'oa, ukatae kwa heshima. Ardhi iliyoachwa wazi bila mtu wa kurudi hujaa magugu upya, pengine mabaya kuliko ya awali. Miradi ya kweli hujihesabia muda kwa miongo. Kwenye kisiwa cha Raoul, mbali kaskazini-mashariki mwa New Zealand, kazi ya kuondoa magugu ilianza mwaka 1972 na vikundi vya kujitolea vimepokezana kwa miaka mingi. Kisiwa cha Lord Howe cha Australia kina mpango wa kukipekua kisiwa kizima, eneo kwa eneo, uliozinduliwa mwaka 2004. Hapo mchango wako wa wiki moja unaingia kwenye mnyororo mrefu, haupotei.

2. Maliza karatasi mapema

Uliza ubalozi au idara ya uhamiaji kama viza ya utalii inaruhusu kazi ya kujitolea. Nchi nyingi haziruhusu, hata kama hulipwi senti. Usikubali kuambiwa "sema tu umekuja kutembea." Ukirudishwa mpakani, hasara ni yako.

Bima yako itaje waziwazi kwamba inalipia usafiri wa dharura kutoka kisiwani kwa boti au ndege. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Na waambie waandaaji ukweli kuhusu pumu, mzio wa nyuki, kisukari au maumivu ya mgongo. Hawakuulizi ili wakukatae. Wanataka kukupangia kazi inayokufaa na kujua cha kufanya ukizidiwa.

3. Safisha mzigo wako kabla ya kuvuka maji

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Watafiti walipowachunguza wageni waliokwenda Antaktika msimu wa 2007 hadi 2008, walikuta wale waliobeba mbegu walikuwa nazo 9.5 kila mmoja kwa wastani, kwenye nguo na mizigo yao. Kama hali ni hiyo kwa safari ya kwenda kwenye barafu, fikiria begi lako lililolala kwenye nyasi wikiendi iliyopita.

Fanya hivi, jioni tulivu, chini ya taa kali:

a) Geuza mifuko yote ya suruali na koti nje-ndani. Kwenye mishono ya chini utakuta vumbi lililogandamana; humo ndimo mbegu hukaa. Litoe kwa mswaki wa zamani.

b) Toa kamba za buti. Kwangua matope yote kwenye nyayo kwa kijiti, kisha sugua kwa maji na sabuni, ulimi wa kiatu ukiwemo. Kausha kabisa.

c) Pitia soksi, kamba za begi, zipu na uvungu wa kofia kwa vidole, si kwa macho peke yake.

d) Kila ulichokusanya kifunge kwenye mfuko na ukitupe takani, kisitupwe bustanini.

Visiwa vingine vina masharti makali zaidi. Kwenye visiwa vya mbali vya kaskazini-magharibi mwa Hawaii, nguo zinazoingia hutakiwa kuwa mpya na kugandishwa kwanza kwenye friza kwa saa 48. Usilalamike ukiambiwa hivyo. Furahi kwamba umekuja mahali panapochungwa.

4. Siku ya kwanza, jifunze mmea mmoja na pacha wake

Utaoneshwa orodha ya mimea lengwa, pengine kumi. Usijaribu kuishika yote. Jifunze mmoja hadi uutambue ukiwa mche wenye majani manne, ukiwa kichaka, ukiwa na maua, na ukiwa mkavu. Kisha mwombe kiongozi akuoneshe mmea wa asili unaofanana nao. Karibu kila kisiwa kina pacha wa namna hiyo, na ndiye anayeuawa na wageni wenye bidii.

Tumia mikono na pua. Mfano ni lantana, kichaka kivamizi chenye maua ya rangi rangi. Shina lake changa ukilizungusha baina ya vidole utahisi pembe nne, na vichomi vidogo vilivyopinda kuelekea chini. Jani linakwaruza kama msasa, na likisuguliwa linatoa harufu kali inayobaki vidoleni hadi jioni. Maua ya kichwa kimoja yanaweza kuwa na rangi mbili au tatu, ya katikati tofauti na ya pembeni. Ukishakuwa na alama nne za namna hiyo, hutakosea hata mmea ukiwa hauna ua.

Kanuni ya kikosi chochote kizuri: huna uhakika, hung'oi. Funga utepe, mwite kiongozi. Haaibiki anayeuliza mara ishirini kwa siku.

5. Pekueni kwa mstari

Kikosi hujipanga bega kwa bega, mtu na mtu wakiachana mita chache kulingana na unene wa kichaka, kisha wote husonga kwa pamoja. Mtu wa pembeni huacha utepe au alama ya GPS, na mstari ukirudi hushika palepale ulipoishia. Kazi yako ni kipande chako tu: mbele, chini, na nyuma ya kila jiwe na kila mti. Geuka uangalie ulikotoka pia, maana mche uliofichwa na jani unapokuja huonekana wazi unapouangalia kutoka upande wa pili.

Angalizo: mstari huenda kwa mwendo wa aliye kwenye kichaka kinene zaidi. Ukimaliza kipande chako mapema, simama usubiri. Anayekimbia mbele huacha pengo, na ndani ya pengo ndimo mmea mmoja hukomaa na kuzaa kwa ajili ya miaka kumi ijayo.

6. Anzia pazuri kwenda pabaya

Macho ya mgeni huvutwa na mahali palipoharibika sana. Ukiachiwa utajitosa katikati ya kichaka kibaya kuliko vyote. Usifanye hivyo. Miaka ya 1960 huko Sydney, dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walionesha kwa mikono yao kwamba msitu huokolewa kwa kuanzia pale mimea ya asili ilipo na nguvu, unang'oa wavamizi wachache waliomo, kisha unasogea polepole kuelekea walikojazana. Mimea ya asili yenyewe ndiyo inayopanga mwendo: usifungue ardhi kubwa kuliko inavyoweza kuifunika tena.

Wanaposhika vifaa kwa mara ya kwanza wengi huona njia hii ni ya woga. Binafsi naiamini kuliko nyingine zote kwa vikundi vya kujitolea, kwa sababu watu wa kujitolea ni wachache, wanakuja na kuondoka, na njia hii inahakikisha kwamba kilichofanywa kinasimama hata wasiporudi upesi. Vichaka vikubwa vina zamu yake, na mara nyingi huhitaji wataalamu.

7. Ng'oa kwa njia inayoufaa mmea

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Hakuna njia moja kwa mimea yote.

*Miche na vichaka vichanga.* Subiri mvua kama unaweza. Udongo wenye unyevu huachia. Chuchumaa, usiiname. Sogeza majani makavu pembeni hadi uone shina linapoingia ardhini, na ushike hapo hapo, chini kabisa. Usishtue. Vuta polepole huku ukitikisa kidogo kushoto na kulia. Utahisi, na mara nyingine utasikia, vijizizi vidogo vikikatika kimoja kimoja, kisha mzizi mkuu unalegea ghafla. Sasa utazame. Ncha ikiwa nyembamba na nyeupe, umemaliza. Ikiwa imekatika ikiwa bado nene, iliyobaki iko chini inakusubiri uondoke, ichimbue. Kung'uta udongo urudi shimoni, sindilia kwa kiganja, rudisha majani makavu juu. Udongo uliovurugwa na kuachwa wazi huamsha mbegu zilizolala.

*Vichaka na miti inayochipua kisikini*, kama kwinini, mpera na lantana iliyokomaa. Kukata peke yake ni bure. Ama sehemu inayounganisha shina na mizizi inachimbuliwa yote, ama kisiki kinapakwa dawa. Njia ya dawa huenda hivi: kata karibu sana na ardhi, mkato uwe bapa, futa unga wa mbao, kisha aliyefunzwa apake dawa papo hapo. Ukichelewa dakika kadhaa, mkato huanza kujifunga na dawa hainyweki vizuri. Inayotakiwa kulowa ni duara jembamba la ubichi lililo mara tu ndani ya gome. Kupaka katikati ya kisiki ni kupoteza. Dawa nyingi huchanganywa na rangi ili visiki vilivyokwisha kupakwa vionekane.

Angalizo: usishike dawa kama hujafunzwa na kuruhusiwa, hata mwenzako akikuomba "nishikie kidogo." Ukifunzwa, vaa glavu za kuzuia kemikali, na nawa kabla ya kula, kunywa au kushika uso.

*Mimea itambaayo.* Mingi huota mizizi kwenye kila kifundo kinachogusa ardhi. Anzia ncha, iviringe kuelekea shina kuu, na uhesabu kila kifundo. Kipande cha urefu wa kidole kilichosahaulika kinatosha kuanza upya.

*Mimea ipandayo mitini.* Usiivute kutoka juu. Utashusha matawi ya mti wa asili, viota, na pengine kichwa chako kitapokea yote. Kata usawa wa kiuno na tena karibu na ardhi, shughulikia mzizi, ya juu iache ikaukie huko huko. Ila mtambazi wa Madeira, uitwao anredera, ni habari nyingine: huzaa vijiviazi kwenye shina huko juu, na kila kimoja kikianguka huota. Huo hauguswi bila maelekezo.

*Yenye viazi ardhini.* Uliza kwanza nini hasa huota tena. Asparaga ya chini, adui mkubwa wa Lord Howe, ina vijiviazi vingi vilivyojaa maji, na wageni hupoteza saa nzima kuvifukua kimoja kimoja. Vile haviwezi kuota. Kinachoota ni kitovu kigumu pale mashina yanapokutana. Kizungushie kisu, kitoe chote, viazi viache vioze.

*Mpungate na mkonge.* Kila bapa la mpungate linaloanguka huota mizizi, na kikonyo cha mkonge huangusha vichipukizi vingi. Tandika turubai kabla ya kukata chochote, na hesabu vipande unapoondoka.

8. Matunda kwanza, mmea baadaye

Ukikuta mmea una matunda au mbegu zilizokomaa, usiuguse hadi uwe na mfuko mkononi. Inamisha tawi ndani ya mfuko, kata, funga. Ndipo ushughulike na mmea. Ukianza kwa kuvuta, unapanda.

Na usile mapera huku ukitembea, hata yawe matamu vipi. Mbegu za mpera hupita tumboni zikiwa hai. Kule Galápagos kobe wakubwa wenyewe huzisambaza kwa njia hiyo. Binadamu naye huzisambaza vivyo hivyo.

9. Kilichong'olewa kiwekwe mahali pake

Miche isiyo na mbegu inaweza kutundikwa kwenye uma wa tawi, mizizi juu, ikauke bila kugusa udongo. Matawi makavu yasiyochipua hurundikwa mahali pamoja. Vipande vinavyoweza kuota huingia guniani na kushuka hadi kambini. Kuchoma moto ni uamuzi wa mradi, kamwe si wako: kuna miti ambayo hata moshi wake hudhuru macho, ukiwemo manchineel wa Karibi na Galápagos, ambao ni wa asili huko na hautakiwi kukatwa. Mti huo hata mvua usijikinge chini yake, maana maji yanayodondoka kwenye majani yake huunguza ngozi.

10. Angalia unapokanyaga

Visiwa vingi vidogo vina ndege wa baharini wanaochimba mashimo na kutagia chini ya ardhi. Udongo juu ya shimo unaweza kuwa mwembamba sana. Pita njia uliyooneshwa, weka uzito taratibu kwenye ardhi laini, tembea juu ya mizizi na mawe. Penye mashimo mengi, subiri mbao za kukanyagia au usipite kabisa. Kuna maeneo yanayofungwa msimu mzima wa kutaga, na hata kama magugu yanaonekana ukiwa umesimama pembeni, utayaacha.

11. Andika siku hiyo hiyo

Kabla ya chakula cha jioni: eneo, idadi ya watu, saa mlizofanya kazi, mimea mliyoipata, mingapi ilikuwa midogo na mingapi ilikuwa imezaa. Andika pia eneo mlilopekua msikute kitu. Sifuri ni habari njema na ni habari muhimu. Bila kuiandika, mwakani watu watatumia siku nzima kupapekua upya bila sababu.

12. Jisafishe tena jioni, na siku ya kuondoka

Mbegu husafiri pia kutoka bonde moja kwenda jingine ndani ya kisiwa hicho hicho. Sugua buti kila unapotoka eneo chafu kwenda safi. Lord Howe pameweka vituo vya kusugulia viatu mwanzoni mwa njia. Siku ya mwisho rudia hatua ya 3 yote, ili usiyapeleke magugu ya kisiwa kwenu.

Matatizo yanayojitokeza na la kufanya

*Mzizi umekatika na udongo ni mgumu kama jiwe.* Acha kuvuta. Zungushia sululu ndogo pande tatu, legeza, kisha vuta. Ukishindwa, funga utepe ili upakwe dawa au urudiwe baada ya mvua. Usiufunike kwa majani na kuondoka.

*Nimeng'oa mmea wa asili.* Urudishe shimoni saa hiyo hiyo, sindilia, umwagie maji ya kunywa uliyonayo, kisha mwambie kiongozi. Miche midogo mara nyingi hushika. Kunyamaza ni hatari zaidi, kwa sababu kama umekosea mmoja, huenda unakosea mfululizo.

*Mguu umezama kwenye shimo la ndege.* Simama. Toa mguu taratibu, ondoa udongo ulioporomokea ndani ili mlango uwe wazi, mwite kiongozi akague na kuliezeka. Kinda aliyefukiwa hawezi kujitoa.

*Utomvu umeniingia jichoni au ngozi inaungua.* Maji safi mengi, mfululizo, dakika 15 na zaidi, bila kusugua. Utomvu mweupe wa jamii ya mnyaa unaweza kuharibu jicho, kwa hiyo hata maumivu yakipungua, lazima uonwe na mhudumu wa afya.

*Mikono imechubuka.* Funga plasta kabla lengelenge halijapasuka, na ubadilishane kazi: aliyekuwa akikata ashike daftari, aliyeshika daftari akate.

*Bahari imechafuka na boti haiji.* Ndiyo sababu ya dawa za ziada, na ndiyo sababu hupangi ndege ya kuunganisha siku ile ile ya kutoka kisiwani. Acha siku mbili katikati. Usimshinikize nahodha.

*Nimeona mmea ambao haumo kwenye orodha.* Usiung'oe. Piga picha ya jani, ua, shina na mmea mzima, weka kitu pembeni kuonesha ukubwa, chukua alama ya mahali, funga utepe. Mvamizi mpya anayegunduliwa akiwa mmoja anaweza kumalizwa kwa siku moja, na huo unaweza kuwa mchango mkubwa kuliko wote utakaoutoa.

*Eneo lililosafishwa mwaka jana limejaa miche tena.* Wageni huvunjika moyo hapa, na hakuna haja. Mbegu za mti wa lusina, kwa mfano, huweza kulala ardhini miaka mingi na bado zikaota. Ukiona miche mingi lakini hakuna hata mmea mmoja uliozaa, akiba inapungua, na kazi inakwenda kama ilivyotakiwa. Tatizo ni pale unapokuta mmea wenye matunda: hapo ujue mzunguko umechelewa, uandike kwa herufi kubwa.

*Kikosi kinagombana kuhusu mwendo.* Kiongozi ndiye anayeamua, na aliye taratibu kuliko wote ndiye kipimo. Mwenye nguvu za ziada apewe magunia ya kubeba.

*Nataka kurudi mwakani.* Waambie kabla hujaondoka, na uombe upangiwe eneo lile lile. Utakuwa unajua kila utepe uko wapi na pacha yupi anadanganya macho, na mtu wa namna hiyo kiongozi humhitaji kuliko wageni watano. Nakili ukurasa wako wa daftari, na ile nakala ya kwanza iache kambini.